Koti Lililolala Lambwe

Chama chetu cha kujitolea pale Migori kilikuwa na shida moja ambayo sijaiona kwa chama kingine chochote: hatukuwa na siku. Mweka hazina wetu alikuwa Mwadventista kutoka Kisii, na Jumamosi hakugusa hata ufagio. Wakatoliki walikuwa wengi, na Jumapili yao ilianza kwa misa ikaisha kwa kutembeleana. Mwenyekiti, mzee wa Kiislamu aliyeuza mabati na saruji karibu na stendi, Ijumaa alifunga duka kabla ya adhuhuri na hakuna aliyethubutu kumuuliza habari za misumari. Sisi walimu tulibanwa na shule. Kwa hiyo wema wetu ulingoja sikukuu za serikali. Wakenya wengine walipokwenda uwanjani kusikiliza hotuba, sisi tulikuwa na majembe na ndoo za rangi, na wa kwanza kunung'unika nilikuwa mimi, maana likizo ni likizo.

Mimi nilikuwa katibu. Nililetwa Migori kufundisha kutoka Taita, na mwenyekiti alikuwa ametoka Mombasa ujanani mwake, basi akanichukua kama binti yake. Maana yake ni kwamba alinituma kama binti yake na kunikaripia kama binti yake. Watu wa mjini walituita sote wawili Waswahili, ingawa mimi ni Mkristo na kwetu ni milimani. Nilijaribu kuwasahihisha mwaka wa kwanza, kisha nikachoka.

Shukrani hatukuzizoea. Ilikuwa miaka ya vyama vingi, na mtu akikusaidia bure ulimtazama mikono kwanza kuona ameficha nini. Tulizibua mitaro ya soko, akina mama wa samaki wakatuuliza tunamtafutia nani kura. Tulipaka rangi wodi moja, mgonjwa mmoja akalalamika kwamba harufu inamzidishia kichwa. Mimi nina ulimi mwepesi, nikamwambia basi apone haraka aende nyumbani. Mwenyekiti alinikanya njia nzima. Wema usiulizie malipo, alisema, na wala usijibizane na wagonjwa.

Aliyetupeleka Lambwe ni nesi mmoja wa chama chetu. Alizaliwa huko Lambwe, upande wa Homa Bay, na alikuwa mwanamke wa maneno machache, jambo lililotufanya tumsikilize kila alipofungua mdomo. Jioni moja, tukiwa tumekaa kwenye madawati ya watoto darasani kwangu, alisema kuna mjane kule kwao ambaye nyumba yake inavuja kiasi kwamba mvua ikinyesha watoto wanalala wamesimama. Mwenyekiti akauliza kama mume hakuacha ndugu. Nesi akasema ndugu wapo, na hapo ndipo penye shida.

Alitueleza, nami naeleza kama alivyotueleza. Kwa desturi ya kwao, paa la mjane haliguswi na mwanamume yeyote isipokuwa yule atakayemrithi, ambaye wao humwita jater. Ndugu mmoja wa marehemu alitaka kuwa huyo jater, na pamoja na mjane mwenyewe alilitaka na shamba lake lililo chini karibu na mto. Mama alikataa. Alikuwa amemuuguza mumewe mwaka mzima, akamwona akiisha kidogo kidogo, na miaka ile kila nyumba ilijua ugonjwa ule ingawa wachache waliutaja. Shemeji mwenyewe alikuwa amezika wake wawili. Mama alisema hatarithiwa naye, ana watoto wa kulea. Shemeji hakugombana naye. Alikaa tu akingoja mvua. Nyasi za paa zilikuwa zimeoza, na nyumba ikianguka mama atakuwa na mawili: kumkubali shemeji, au kurudi kwa wazazi wake na kuwaacha watoto kwa ukoo wa baba yao.

Nikauliza kwa nini majirani hawamwezekei usiku wakanyamaza. Nesi akanitazama kama ninavyowatazama wanafunzi wangu.

"Wenyeji hawawezi kugusa hiyo paa, Mwalimu. Lakini nyinyi ni wageni. Endeni kama watu hawajui kitu. Haitakuwa ngumu. Kweli hamjui."

Yeye mwenyewe hakuja. Alikuwa binti wa pale, na lawama zote zingemwangukia.

Tulikwenda siku ya sikukuu iliyofuata, kwa lori la mwenyekiti, na mabati yake ambayo alidai hayauziki kwa sababu yamepinda kidogo. Sikuyaona yamepinda. Mama alitupokea bila maneno mengi, mwembamba, kitambaa kichwani, akatutolea viti na maji ya kunywa. Wanaume wa pale walisimama nje ya ua wakatutazama kutwa nzima. Hakuna aliyetupa hata msumari. Nilijua sababu, lakini jua lilipopanda na vidole vyangu vikajaa michubuko ya nyasi kavu nilianza kuwachukia hivyo hivyo, kwa sauti, na mwenyekiti akiwa juu ya kenchi za paa akanifokea ninyamaze nimpe nyundo.

Alipanda mwenyewe, mzee yule. Kuna vijana katika chama waliojua kazi hiyo kuliko yeye, ila alisema mabati ni yake na anajua tabia zao. Kabla ya kupanda alivua koti. Koti hilo lilijulikana mji mzima: la kahawia, zito, alilivaa kwenye joto la Januari kama alivyolivaa kwenye mvua. Alilitundika kwenye ua. Mama akaona vumbi la nyasi linalimwagikia, akalichukua, akalikung'uta na kulitundika ndani kwenye msumari ukutani. Mimi nilimwona. Nilifikiri tu kwamba huyu ni mama nadhifu.

Bati la mwisho lilipopigiliwa, wingu lilikuwa limeshapanda juu ya vilima vya Gwasi. Udongo wa Lambwe ni mweusi, na ukilowa lori halitoki mpaka kiangazi. Dereva akapiga honi mfululizo. Tuliruka ndani mmoja juu ya mwingine, ngazi ikaachwa, sufuria yangu ya chai ikaachwa, tukakimbizana na mvua mpaka barabara ya murram, ile ya changarawe. Tulipofika Rodi mwenyekiti alijishika mabega akasema koti. Akataka kugeuza. Dereva akamwambia kwamba yuko tayari kumrudisha kwa miguu. Basi mzee akasema nesi atakuja nalo, si kitu, koti halina miguu.

Kweli halikuwa na miguu. Lililala pale pale.

Siku chache baadaye nesi alikuja mpaka mlangoni pa darasa langu saa za masomo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alisema wazee wa Lambwe wanamtaka mwenye koti. Nikamwambia awape pole, mwenye koti ana duka, wao walitume tu. Akasema halitumwi. Hakuna anayeweza kuligusa.

Ndipo alipoleta nusu ya pili ya desturi, ile ambayo hakuona haja ya kutupa mara ya kwanza, kwa kuwa hakuna mtu mwenye akili ambaye angedhani kwamba tungeihitaji. Koti la mwanamume likilala ndani ya nyumba ya mjane, ni kama mwenyewe amelala. Ziko familia, hasa mjane akiwa mzee au kanisa likikataza, zinazokubali koti litoshe: linatundikwa jioni, linachukuliwa asubuhi, na mjane amekwisha kurithiwa bila mtu kumgusa. Na sisi, watu wazima wenye katiba na mhuri, tulikuwa tumemwezekea mama paa kisha tukamwachia koti ndani.

Nilicheka. Nesi hakucheka, nikaacha. Alisema shemeji amekwenda kwa wazee kudai kwamba watu wa Migori wameuchezea ukoo wake. Wazee wakiona ni mchezo, mama atakuwa amelitia aibu boma na hatakuwa na mtu wa kumtetea. Pengine wangemrudisha kwao wiki hiyo hiyo. Nilimwona mama yule anatembea barabarani na mzigo kichwani, watoto wamebaki nyuma, na juu ya nyumba tupu mabati yetu yanang'aa.

Mwenyekiti alipopata habari alikaa juu ya mfuko wa saruji. Alijiapiza kwamba ameoa mara moja katika maisha yake na hiyo mara moja bado hajaimaliza. Wengine tulikuwa na hofu ya wazee wa Lambwe. Yeye alikuwa na hofu ya nyumbani kwake. Mkewe alikuwa mwanamke mkubwa wa sauti kubwa, aliyekaa kwenye dawati la duka na kujua bei ya kila kitasa bila kutazama. Mzee alitaka tumfiche mkewe habari. Nikamwambia Migori haina mlango wa kufunga. Mwishowe akashusha pumzi akasema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, nami nikamwambia kwamba yeye nguo ameivua kweli. Hakufurahi.

Tulikwenda watatu, mwenyekiti, nesi na mimi. Mimi ambaye sala zangu ni za kuhesabika nilisali kutoka Rongo mpaka tulipoingia bondeni, na nilichoomba hakikuwa na ufasaha wowote: kwamba tusiwe sisi tuliomvunjia mtu nyumba kwa kumjengea.

Wazee walikuwa wamekaa kwenye kivuli cha ukuta wa nyumba ile ile, chini ya mabati yetu. Shemeji alikaa pembeni, mtu wa sura nzuri tu, shati limepigwa pasi. Nadhani nilitarajia jambazi. Mama alisimama mlangoni na mikono ameificha ndani ya leso. Nyuma yake niliona koti kwenye msumari wake, limening'inia kwa adabu.

Mkubwa wao, jaduong', yaani mzee wa boma, mwenye fimbo na miwani iliyofungwa kwa uzi, alizungumza Kijaluo kwa muda mrefu, na nesi akatupa kwa ufupi: anasema karibuni, anasema boma hili limeona mambo. Kisha mzee akageuka kwa mwenyekiti na kumwuliza mwenyewe, kwa Kiswahili.

"Hii koti ni yako?"

Mwenyekiti akasema ni lake.

"Ililala hapa?"

Namjua mzee wetu. Ni mtu ambaye mteja akimwuliza kama kufuli hili ni imara humwambia si imara sana, chukua lile. Hadanganyi, hata pale uongo ungekuwa sadaka. Nilijua yuko karibu kueleza wingu, na honi, na udongo mweusi, na kila alilolieleza lingekuwa kweli na lingemtoa mama yule nyumbani kwake. Akafungua mdomo. Kisha akamtazama mama, akaufunga, akawaza.

"Lililala," akasema. "Hilo siwezi kulikana."

Shemeji akasimama na kusema kwa Kiswahili, ili nasi tusikie, kwamba mtu huyu alisahau koti, ni mtu amesahau tu, kila mtu alimwona akikimbia mvua. Mzee wa fimbo hakugeuka.

"Mimi sijauliza kama alisahau."

Mzee mmoja akakohoa, na kikohozi chake kilikuwa na kicheko ndani. Jaduong' akaendelea kwa Kijaluo, polepole, akionyesha paa kwa fimbo, akionyesha koti, na nesi, ambaye sijawahi kumwona akilia hata mbele ya maiti, akaanza kutafsiri na sauti ikamkatika. Alisema mzee anasema mjane huyu ameezekewa, na koti limelala. Anasema kazi imekwisha. Mama sasa anaweza kupanda mbegu zake na kuingia nyumba za watu, mambo ambayo mjane asiyerithiwa hukatazwa, na asiulizwe tena habari ya jater na mtu yeyote wa boma hili. Anasema mwenye koti anaweza kwenda nyumbani kwake, hadaiwi chochote.

Mwenyekiti alitoa leso ya mfukoni akajifuta uso wote mpaka shingoni. Mimi nikaketi chini pale pale kwenye udongo na sketi yangu ya shule. Sijawahi kuonja faraja ya namna ile, inayotoka miguuni. Shemeji aliondoka bila kuaga, na hakuna aliyemrudisha.

Sasa nilidhani tutashukuriwa mabati. Nakiri nilikuwa nimejiandaa, maana baada ya miaka ya kuulizwa kura za nani, mtu anakuwa na njaa. Mama alikuja na kuku mwekundu amefungwa miguu, akampa mwenyekiti kwa mikono miwili akiwa amepiga goti. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni.

"Mabati nilishukuru ile siku," akasema. "Leo nashukuru koti. Hiyo usiku mlienda, mvua ilikuja. Watoto walilala. Mimi pia nikalala, nikaangalia hiyo koti, nikasema, hata kama ni kusahau, Mungu ndiye amesahaulisha. Asante, erokamano."

Mwenyekiti alibaki amemkumbatia kuku. Wahenga wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nilikuwa nikiwafundisha watoto methali hiyo kila mwaka na kuwasahihishia insha juu yake, na mwaka huo ndio nilioielewa.

Mwenyekiti alipofanya kama anaingia kuchukua koti lake, mama alisimama katikati ya mlango. Akauliza, kwa haya, kama linaweza kubaki. Wazee wamesema yamekwisha, lakini wazee hufa, na watu husahau. Mzee wetu akalitazama koti lake la miaka yote. Akasema libaki.

Basi tukarudi Migori, yeye akiwa ndani ya shati, na mji mzima ukamwona mwenyekiti hana koti. Mbele ya duka lake alinishika mkono. "Ingia nami, Mwalimu," akaniomba, "mbele ya mgeni atajizuia."

Mkewe alitusikiliza mpaka mwisho bila kutukatiza, na hilo lilitutisha kuliko kelele. Mzee alieleza yote, hata neno jater hakuliruka. Mkewe akauliza swali moja: koti lipi. Mzee akasema la kahawia.

"Lile lililochanika kwapa?"

Akajibu kwa sauti ndogo kwamba ndilo.

"Umemwachia mke wa watu koti lililochanika kwapa," akasema mkewe, na ilikuwa wazi kwamba katika habari yote ile aibu aliyoiona ni hiyo. Akavuta mtoto wa dawati akatoa sindano.

Alikwenda kulishona mwenyewe, sikukuu iliyofuata, amekaa mbele ya lori na doti mpya ya leso mapajani. Sisi tulifuata nyuma kama watu wa msafara. Kule Lambwe alikuta mahindi yamefika magotini na watoto wamenenepa kidogo. Alimkumbatia mama mjane, akampa leso, kisha akataka koti. Wakakaa wote wawili juu ya mkeka ndani ya nyumba, mmoja akishona kwapa, mwingine akimshikia kitambaa kivutike. Lugha ya pamoja ilikuwa haba, lakini niliwasikia wakicheka kabla ya sindano kufika nusu.

Walipomaliza, mama mjane alilirudisha koti kwenye msumari, akalinyoosha mabega.

"Huyu bwana yetu hana maneno mingi," akasema.

Mke wa mwenyekiti akauma uzi, akamtazama mumewe aliyesimama mlangoni.

"Ndiyo sababu nimekuachia huyo," akasema. "Mwenye maneno nimebaki naye mimi."